Mwaka Tuliofunga Shoo ya Gari la Kalisa

Simu iliingia nikiwa nakata sare za shule, mkasi uko katikati ya kitambaa, na kwa kawaida mkasi ukishaingia kwenye kitambaa mimi sipokei simu ya mtu. Namba ilikuwa ya nje. Nikapokea, sijui kwa nini. Sauti ya msichana, Kiswahili chake kimepinda kidogo kama cha mtu aliyekisikia nyumbani tu bila kukisoma, ikasema, "Shikamoo mama. Wewe ndiye Edisa, fundi cherehani wa Bugene?" Nikamwambia ndiye, ila Bugene niliondoka zamani, sasa niko Rubwera. "Mimi ni binti yake Kalisa. Baba amefariki. Tumemzika Jumamosi." Nyuma yake nilisikia watu wakiongea na vyombo vikigongana, vile vyombo vya msibani vinavyooshwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Kisha akaniuliza jambo lililonifanya niweke mkasi chini. "Baba alikuwa anatuambia kuna mama mmoja huko Tanzania aliwahi kushona gari kwa waya. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli, mimi ndiye niliyelishona. Akacheka huku analia, akanishukuru, simu ikakatika.

Mchana ule sikushona tena. Nilikaa kwenye kiti changu cha kazi nikitazama watumishi wa wilaya wakipita kwenda kula, nikawa namwona Kalisa akiwasimulia watoto wake, mikono hewani, akionyesha jinsi nilivyochoma sindano kwenye uso wa gari. Simlaumu kwa kuufanya mwaka ule kichekesho. Mtu huwachagulia watoto wake kipande kinachomezeka. Lakini mwaka wenyewe haukuwa wa kucheka. Ulikuwa mwaka ambao sikumbuki mtu yeyote aliyekaa akamaliza sahani ya chakula bila kuinuka kuchungulia barabarani, na mimi mwenyewe nilitoka ndani yake nikiwa mtu mwingine kabisa.

Ulikuwa 1994 unaelekea 1995. Wilaya hii ya Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, hakuna aliyeota kwamba siku moja Rubwera itakuwa na ofisi za wilaya. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nina cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja pale Bugene, pembeni mwa barabara ya kwenda Kayanga. Ng'ambo ya mto Kagera kulikuwa na mauaji ambayo sisi tuliyasikia redioni, halafu tukayaona kwenye nyuso za watu waliokuja na mikeka kichwani. Malori ya mahema na unga yalipita tangu alfajiri. Vumbi lilikaa juu ya kila kitu. Vitambaa vyeupe nilikuwa nafungua siku za mvua tu, na bwana harusi mmoja alilazimika kuoa kwa shati la bluu kwa sababu mvua ilikataa. Lakini kulikuwa pia na mwendo wa pili, wa upande wa kinyume. Wale waliokimbia kutoka nchi ileile zamani, wakati mama zetu ni wasichana, ambao watoto wao walizaliwa hapa, wakabatizwa hapa, wakalima kahawa na migomba hapa, sasa walikuwa wanafunga mizigo kurudi. Barabara moja, watu wa nchi moja, hawa wanaingia wakilia na wale wanatoka wakiimba, na walipopishana hawakutazamana.

Kalisa alikuwa wa hawa wa zamani. Alizaliwa Nyabiyonza, akasoma huko, na Kinyambo chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyekirithi. Alikuwa na gari dogo jeupe, kuukuu, alilokuwa akibebea abiria na wagonjwa, na alipokosa abiria aliliegesha mbele ya baraza yangu akakaa kwenye kizingiti kunisimulia habari za watu. Kila mtu pale Bugene alijua kwamba hakuwa anaegesha kwa ajili ya kivuli. Mimi pia nilijua. Asubuhi moja ya ukungu, akitoka Nyabiyonza, ng'ombe mwenye pembe ndefu alikatiza barabara ghafla. Ng'ombe aliinuka akaenda zake akitikisa kichwa. Gari ndilo lililobaki limeumia. Taa zilipona, bampa ilipinda kidogo, lakini kile kifuniko cha mbele chenye mistari kama meno, kinachokaa katikati ya taa mbili kuikinga rejeta, kile ambacho mafundi wanakiita shoo, kilivunjika vipande vipande. Kalisa akachukua waya wa kuanikia kahawa, akakata kipande, akakifunga pale mbele. Gari likatembea hivyo miezi mingi, na hapana aliyelalamika.

Kisha mama yake akasema wanarudi nyumbani, na hapo ndipo Kalisa alipogundua kwamba gari haliwezi kusafiri bila shoo.

Mama Kalisa alikuwa na nyumba ya bati pale pembeni mwa Bugene, katikati ya migomba yake. Kabla ya mwaka ule, sebule yake ilikuwa mahali nilipopapenda kuliko kwetu: viti vya mbao vyenye vitambaa nilivyovidarizi mimi mwenyewe, vibuyu vya maziwa vyenye vifuniko vya ususi vilivyochongoka, na harufu ya moshi wa majani aliyokuwa akivifukizia. Sasa vitambaa vilikuwa vimeingia kwenye mfuko, tunakaa kwenye mbao tupu. Alikuwa akifunga sufuria, kesho yake anaihitaji, anafungua mzigo mzima, anapika ndizi na maharage, anaosha, anafunga tena. Alikula amesimama. Tukiwa katikati ya chakula aliweka kijiko chini, akatoka mpaka njiani, akatazama, akarudi, bila kusema alikuwa akimtazamia nani. Siku moja walikuja wazee wawili waliokuwa wamekwenda kuchungulia huko na kurudi kuchukua familia zao. Mimi nilikuwa uani namenya ndizi, na Kinyarwanda chao nilikishika nusu, kwa kuwa maneno mengi yanakaribiana na ya kwetu. "Nyumba zipo?" aliuliza Mama Kalisa. "Zipo, ila zina watu." "Watu gani?" "Watu, mama." Kisha nikamsikia akisema, "Mimi siulizi nyumba. Nauliza kama chemchemi ya pale chini bado inatoka." Wazee hawakujua. Waliombwa wanywe maziwa, wakanywa haraka, wakaondoka.

Shoo ililetwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anashusha vipuri kutoka Bukoba. Haikuwa ya gari lile. Ilikuwa ya kufungia tu, isiyo ya kiwandani, ya gari la aina hiyohiyo lakini la miaka ya baadaye, plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa mpaka ikadanganya kuwa chuma. Kalisa aliileta uani kwa mama yake imefungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga. Akaiweka mbele ya gari na kurudi nyuma kuitazama. "Edisa, njoo na tepu yako," akaniita. Nikaja na tepu yangu ya kupimia viuno vya watu, nikapima uwazi wa kati ya taa, nikapima shoo. Ilizidi upana wa kidole. Masikio yake ya kufungia hayakukutana na tundu hata moja la kwenye bodi.

"Imezidi," nikasema.

"Inapunguzika."

"Na tundu?"

"Tundu zinatobolewa." Alikuwa anatabasamu. "Kazi ipo, lakini si ya kushindikana. Ikikaa vizuri hii, nitakuja kwa baba yako."

Alilisema hilo kana kwamba alikuwa akizungumzia skrubu, na mimi nikalishika moyoni kama kitu cha thamani. Sikujiuliza itawezekanaje mtu afunge shoo ili asafiri, na afunge shoo hiyohiyo ili aje kuoa.

Tukaanza. Aliazima drili ya mkono kwa seremala wa jirani. Nikamkatia karatasi ya ruwaza, kama ninavyofanya kwa kola ya shati, nikaipachika juu ya uwazi ule, nikaweka alama pale masikio yanapopaswa kuangukia. Akatengeneza vishikizi kutoka kwenye mikanda ya bati inayofunga masanduku, akaikunja mara mbili ili isilegee. Tukakata vipande vya ndara kuukuu kuweka katikati, gari lisipige kelele likipita kwenye mawe. Mara ya kwanza shoo ilikaa kwenye masikio yote, tukashangilia, kisha akashusha boneti na boneti ikagoma. Ukingo wa juu wa shoo ulikuwa umeingia kwenye njia ya kufuli. Tukatoa. Akakata ukingo kwa msumeno wa chuma, akausugua kwa tupa. Mara ya pili boneti ilifunga lakini upande wa kushoto ukawa umeinuka, gari likaonekana kama linamdharau mtu. Tukatoa. Mara nyingine alikaza nati kupita kiasi, na ile plastiki ikatoa mlio mdogo, tap, ufa ukapita kutoka kwenye sikio mpaka katikati ya mistari. Nilidhani atalia. Nikachukua sindano nene, nikaipasha moto kwenye jiko la mkaa, nikatoboa vitundu pande zote mbili za ufa, nikapitisha waya mwembamba ndani na nje, ndani na nje, nikavuta mpaka kingo zikabusiana, nikafunga fundo kwa nyuma. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kunitazama. "Edisa anashona gari!" mmoja akapiga kelele, na jina likanikaa Bugene nzima.

Mambo haya hayakufanyika siku moja. Yalichukua majuma, kisha miezi. Kila ilipokaribia kukaa, Kalisa aliona kasoro. Rangi ya vishikizi inaonekana kati ya mistari, ipakwe nyeusi. Rangi ikauke. Nati zina kutu, zitafutwe nyingine Kayanga. Akirudi Kayanga anasema amepata safari ya mgonjwa, shoo tumeitoa tena ili hewa ipite vizuri. Mwezi wa senene ulitukuta bado uani. Mama Kalisa alikaanga senene, akatuletea kwenye sahani, akasimama akitutazama tukila kwa vidole vyenye grisi. "Hilo gari," akasema, "lilipata uso mbaya kwa ng'ombe mmoja. Mimi uso wangu niliuacha mzima kule kwetu na sijatafuta mwingine." Kalisa akacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimemtazama machoni.

Nyumbani kwetu nako hapakukalika. Baba yangu alikuwa mtu wa kwaya ya kanisani, mtaratibu, anayekula ndizi zake kimya mpaka mwisho. Mwaka ule hata yeye alikuwa anaongea chakula kikiwa mdomoni. "Huyo kijana," aliniambia jioni moja mezani, mama amekwenda kuchukua chumvi, "anaondoka au haondoki?" Nikamwambia anatengeneza gari. "Najua anatengeneza gari, kila mtu anajua, mpaka mchungaji ameniuliza. Nauliza anaondoka au haondoki." Nikasema sijui. Baba akasukuma sahani. "Na wewe, unaondoka au huondoki?" Lililonitisha ni kwamba sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilikuwa nimezoea kuamka asubuhi nikisikiliza kama kuna mlio wa tupa kutoka kwa Mama Kalisa. Ukiwapo, siku yangu inakwenda. Usipokuwapo, nachoma kidole na sindano.

Jibu la nusu nililipata siku moja alasiri, mvua imetukimbiza chini ya upenu, shoo iko mapajani mwake. Alikuwa anasugua mahali ambapo palikuwa tayari laini. Nikamwambia, "Kalisa, hapo pameisha." Akaendelea kusugua. Nikamshika mkono. Akasema, bila kuniangalia, "Kinyarwanda changu ni cha jikoni kwa mama. Nikikasirika nakasirika kwa Kinyambo. Nikiota, naota Nyabiyonza. Kule nitafika niulize njia kama mgeni, na watu waniambie karibu nyumbani." Nikamuuliza kwa nini hamwambii mama yake. "Nimwambie nini? Amekaa hapa maisha yake yote mguu mmoja juu. Sisi tulilima, yeye alikuwa anasubiri. Nimwambie kaa chini mama, mimi nimeshafika?" Mvua ikapiga bati tukashindwa kusikilizana. Mvua ilipopungua akanitazama. "Hii ikiwa haijakaa, hakuna anayeniuliza kitu. Si mama, si baba yako." Akaigeuza shoo mapajani. "Si wewe."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo baadaye, nikiwa mke wa mtu, nikiwa mama, nikiwa na mafundi wangu niliowafundisha. Wakati ule nilichosikia ni kwamba alinitaka. Ilinichukua siku kadhaa kusikia kilichobaki: kwamba alikuwa ametuweka sote, mama yake mwenye viatu miguuni na mimi mwenye tepu shingoni, tusubiri uani mpaka jambo liamuliwe na kitu kisicho na akili. Na mimi nilikuwa nimeridhika. Nilikuwa nampimia, namkatia, namshonea, ili asubuhi ifuatayo iwe kama ya jana. Nikaanza kukosa usingizi. Nikawa nashona mikono ya mashati upande usio wake.

Mwaka mpya ulikuwa umeshaingia, kiangazi kifupi, barabara imekauka. Kalisa alikwenda Kayanga kutafuta petroli, iliyokuwa adimu kwa sababu ya malori. Nilipita kwa Mama Kalisa kumpelekea gauni nililomkunjia pindo, nikamkuta amepiga magoti mbele ya gari. Amefunga kanga kiunoni, mikono ya blauzi ameipandisha, ameshika plaizi. Waya wa kahawa ulikuwa umetolewa na kutupwa kando. Shoo ilikuwa imeegemezwa kwenye bampa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo unishikie hapa."

Sikusogea. Nilijua kila tundu la bodi ile na kila skrubu. Nilijua kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ya muda wa kuchemsha chai. Nilijua pia kwamba nikishika, kesho au keshokutwa uani hapo patakuwa patupu. Mama Kalisa alisubiri kidogo, kisha akakaa juu ya visigino vyake akanitazama. Hakuwa na hasira. "Mwana wanjye," akasema, yaani mwanangu, "mimi nina macho. Mwanangu hataki kwenda. Nimeliona hilo tangu alipomleta mdudu huyu kwenye gunia. Wengine wangesema basi, tukae. Lakini mimi nikifa hapa bila kuiona ile chemchemi, atakaa na jambo hilo maisha yake yote, na atakayekaa naye atakaa nalo pia. Anipeleke. Akishanipeleka, kama ni kurudi, arudi kama mtu mzima, siyo kama mtu aliyeshindwa kumaliza kazi ya chuma." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Na wewe, akikuuliza neno, usimjibu kwa ajili yangu. Umesikia? Usimwonee huruma mzee ukaharibu maisha yako. Sasa shika, au nenda nyumbani nimwite mwingine."

Nikashika. Nilipiga magoti kando yake, nikainua shoo mpaka masikio yakakutana na vishikizi, nikaingiza mkono kwa nyuma, kati ya rejeta na bodi, nikamwelekeza skrubu ipite wapi. Aliweka nati kwa vidole vyake vya kuchuma kahawa, polepole, akakaza kwa kipimo sawasawa. Pale sikio moja lilipokuwa limelegea alipitisha waya, akausokota, akaukata mkia. Tulipomaliza nilishusha boneti. Ilifunga. Gari likatutazama likiwa zima, linang'aa katikati ya migomba, na mshono wangu ukionekana kidogo upande wa kushoto ukijua pa kutazama.

Kalisa alirudi na dumu lake la petroli. Alisimama kwenye njia. Alikuja akafungua boneti, akaifunga. Akafungua, akafunga. Akapitisha kiganja kwenye ukingo wa juu tuliouhangaikia miezi ile yote. Akamtazama mama yake, aliyekuwa ananawa mikono kwenye karai, kisha akanitazama mimi, na grisi mikononi mwangu.

"Imekaa," akasema.

"Imekaa," nikamjibu.

Jioni hiyo alikuja kwetu kama alivyoahidi. Alimletea baba maziwa ya mtindi, akakaa kwenye ncha ya kiti. Baba hakumzungusha. "Unataka kumchukua binti yangu. Unampeleka wapi?" Kalisa akajibu, "Bado sijajua, mzee." Baba akatikisa kichwa, taratibu kabisa, kama anakubaliana naye kwenye mahesabu ya kwaya. "Basi sikukatai. Ukishajua, uje. Na yeye mwenyewe mwulize, si mtoto." Nilikuwa nyuma ya pazia, sufuria ya chai mkononi. Hakuniuliza siku ile. Alikunywa chai, akaaga.

Baba alinikubalia niwasindikize mpaka Murongo, kwenye daraja la kuvukia nchi jirani ambayo wangeipitia kwenda kwao, nimsaidie Mama Kalisa na mizigo, kisha nirudi na lori lolote la maharage. Tuliondoka jua likichomoza. Mama Kalisa alikaa mbele, kibuyu katikati ya magoti, hakugeuka kutazama nyumba yake hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma na godoro. Tulipita Omurushaka, tukapita Nkwenda, milima inapanda na kushuka, na kila baada ya kilima Kalisa alisimamisha gari, akashuka, akagusa rejeta. Ilikuwa ya vuguvugu tu. "Maji yapo," alisema mama yake kupitia dirishani. "Endesha." Njiani tulipishana na malori ya hema na watu waliokaa juu ya marobota. Mtoto mmoja kule juu alitupungia mkono. Mama Kalisa, ambaye hakuwahi kuwaangalia, akainua wake polepole akampungia.

Murongo palikuwa pamejaa watu, mbuzi, magodoro, wauza ndizi mbivu, askari wenye usingizi. Foleni ilikuwa inatambaa kuelekea kwenye daraja. Mama Kalisa alishuka kwenda kujisaidia, au alisema hivyo. Kalisa alizima gari. Tulisimama mbele yake, sote tumeliegemea.

"Panda twende, Edisa."

"Wapi?"

"Tukifika tutajua."

"Na usipopapenda?"

"Tutarudi."

"Na mama yako akikataa kurudi?"

Akapangusa vumbi kwenye shoo. Mto ulikuwa unasikika chini yetu. Nilikuwa nimeweka kwenye mfuko wangu gauni moja zaidi ya nililolihitaji kwa safari ya kwenda na kurudi, na nilikuwa nimejiambia ni kwa sababu ya vumbi. Ningeweza kupanda. Miguu ilikuwa inataka. Lakini nilimtazama usoni nikaona kwamba alikuwa ananiomba niingie kwenye gari ili na mimi niwe jambo la kushughulikia, ili asifike kule akiwa hana cha kurekebisha. "Kalisa," nikamwambia, "mwaka mzima nimekuwa nakungoja umalize. Sasa umemaliza, na mimi bado nangoja. Nimechoka kungoja. Nenda na mama." Akasema, "Nikirudi je?" Nikasema, "Ukirudi utanikuta nafanya kitu. Sijui nini."

Mama Kalisa aliporudi alituangalia mmoja baada ya mwingine, akajua. Akanikumbatia kwa namna yao, kwa muda mrefu, mikono ikishuka polepole kwenye mikono yangu. "Watu wengi walinipa pole," akaniambia sikioni. "Wewe ulishika." Wakapanda, foleni ikasogea. Kalisa alitoa mkono dirishani na kuuacha nje. Sikungoja wafike ng'ambo. Niligeuka nikatafuta lori, kwa kuwa nilijua nikisimama pale nitasimama mpaka giza.

Dereva wa lori la maharage alikuwa mtu wa Bugene, anamfahamu baba. Nilikaa mbele, kati yake na utingo, nikalia mpaka Kaisho bila mtu kunisemesha. Tukafika Nkwenda, wakasimama kupakia magunia mengine. Ilikuwa siku ya soko. Nikaingia kwenye kimgahawa kimoja, mama mwenye nyumba akaniwekea chai na ndizi za kuchoma bila kuniuliza. "Karibu, nyabo. Unatoka wapi?" Nikamwambia Murongo. "Unakwenda wapi?" Nikafungua mdomo kusema Bugene. Niliiona baraza yangu na kizingiti chake kitupu, watu wakipita wakiniita mshona gari, wakinionea huruma. Nikanywa chai. Nikamtazama yule mama. Blauzi yake ilikuwa imefumuka begani, ameishikiza kwa pini.

"Hapa hakuna fundi cherehani?" nikauliza.

"Yupo mmoja, anakunywa. Shati la mume wangu liko kwake tangu Pasaka ya mwaka juzi." Akafuta meza. "Kwa nini, wewe unashona?"

"Nashona. Kuna chumba cha kupanga karibu?"

Akaacha kufuta. "Kipo hapo nyuma. Kina dirisha dogo na panya wawili watatu. Cha nani?"

"Changu."

Alinipeleka kukiona. Kilikuwa kitupu, sakafu ya udongo, ukutani pametundikwa kalenda ya zamani ya kanisa. Nilisimama katikati yake. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze sikutaka kwenda mlangoni kuchungulia chochote. Nje, lori likapiga honi. Nikatoka nikamkuta dereva ameshawasha, utingo amenifungulia mlango.

"Wewe nenda tu," nikamwambia. "Mimi nabaki."

Alidhani namtania. Kisha akanitazama vizuri, akazima injini. "Sasa baba yako nitamwambia nini?"

"Mwambie anitumie cherehani."